Matusi ya Nguoni kwenye Kamba ya Nguo

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo, tena imeanza kwa dharau. Asubuhi jua lilikuwa la kuchoma kisogo. Mimi na wifi tukaanika mashuka yote ya nyumba ya wageni, ua mzima ukawa mweupe. Tumegeuka kuchukua vibanio tu, mbingu ikafunguka. Tukakimbia kama wezi wa nguo zetu wenyewe. Wifi akateleza, akaketi ndani ya karai la maji ya buluu.

"Nicheke sasa hivi, umalize," akaniambia. "Nikisimama itakuwa hatari."

Nikacheka, na mashuka yakalowa upya.

Daftari hili nimepewa na mume wangu kabla hajaondoka na lori lake. Anasema nikimpigia simu namsimulia mambo yote kwa pumzi moja mpaka anapitiliza kona. Niandike, akirudi atasoma. Haya, baba watoto, soma: mvua imeanza, dada yako kakaa kwenye karai.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna kilichokauka isipokuwa koo langu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika kwenye Kamba ya Nguo: "Ndugu wateja, mvua hii hatuna ubavu nayo. Tuvumiliane."

Kamba ya Nguo ni kundi la simu nililolifungua ili wateja wajue nguo zao ziko tayari. Siku hizi ukitaka kujua kama nguo ziko tayari, zitafute katikati ya vicheko. Nusu ya mtaa imo. Mimi ndiye admini, kwa sababu udobi ni wangu na kwa sababu, wasemavyo, sina maneno. Wananiita Povu.

Wa kwanza kujibu alikuwa Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara: "Povu, suruali yangu imekaa kwako mpaka imeanza kukuita mama."

Wifi, ambaye ndiye mpiga pasi wetu, alikuwa nyuma yangu, pasi mkono huu, simu mkono ule. Akaandika: "Suruali ile tuliianika, jua likaiona, likarudi ndani. Msitulaumu sisi kwa mvua."

Wembe: "Wewe nyamaza. Nguo zikikuona na pasi zinajinyoosha zenyewe kwa woga."

Mama Mayai, anayeuza mayai pale kwenye kona, ana vidole vinene kuliko herufi za simu. Akaandika: "Wanangu mnanivunja mbovu." Kisha: "Mbavu. Nimesema mbavu."

Wembe: "Tulijua tu, mama, kwamba mabovu yapo."

Nilicheka mpaka sabuni ikaniingia machoni. Lakini wifi akamalizia hivi: "Msimsumbue wifi yangu. Huyu ukimtukana leo, anakasirika mwaka kesho."

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika, nami nikaweka changu. Moyoni sikucheka. Wifi alikuja kukaa nasi baada ya kuachika, na mpaka leo sijui kama ananipenda au ananivumilia.

Jumatano, 12 Machi

Imepotea soksi ya mguu mmoja. Wembe anauliza kundini kama tuna uhakika mwenyewe ana miguu miwili.

Jumapili, 16 Machi

Leo pamechafuka.

Kuna karani wa mapokezi pale zahanati, mtu wa upara, mashati meupe na sauti ya chini. Kundini huandika mara moja moja, kwa adabu, kama anaiandikia serikali. Leo baada ya chakula cha mchana akaandika: "Habari za leo. Kati ya mashati niliyoleta, moja bado halijarudi. Naomba mniangalizie."

Wembe hakungoja hata mate yakauke: "Kaka, mke hajarudi, sembuse shati."

Mke wa Karani hajaonekana mtaani tangu mwanzoni mwa mwaka. Mtaa ulishaisikiliza kesi na kuitolea hukumu bila kumwita shahidi: kamkimbia. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Vicheko vikashuka kama mvua ya mawe. Kidole changu nacho kikabonyeza uso wa kucheka hadi machozi, kabla kichwa hakijasoma mara ya pili. Ulikuwa utani mzuri, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake.

Kisha ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Karani ameondoka.

"Kha! Kanuna," mmoja akaandika.

Nikageuka kumtazama wifi, nikijua yuko mbioni kuongezea lake. Kumbe kaisimamisha pasi wima, na simu kailaza kifudifudi mezani.

"Hilo halichekeshi," akasema.

"Ajabu. Si wewe uliyewaambia kwamba ulirudishwa kwenu kama chupa tupu? Mtaa mzima ulicheka."

"Chupa ni yangu, wifi. Najua pa kuishika nisijikate."

Akaendelea kupiga pasi mpaka jioni. Kwa kawaida huimba, na huimba vibaya. Leo hakuimba, na sikuamini kwamba ningetamani kuusikia wimbo ule.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi Mama Mayai kaandika, safari hii bila kukosea hata herufi: "Wembe, umemkosea mwenzio. Muombe radhi."

Wembe: "Utani tu, mama. Asiyetaka kunyolewa asikae kwenye kiti."

Fundi bomba wa mtaa wetu akamwambia Wembe kwamba mdomo wake unavuja na hakuna koki ya kuutosha. Hapo bado palikuwa pazuri. Wembe akamjibu kwa kumtaja mama yake. Fundi bomba akamtaja mama wa Wembe, akampandisha na bibi. Waliokuwa wamelala wakaamka, kila mtu akachagua upande. Kabla chai haijapoa yalikuwa matusi ya nguoni, ya viungo ambavyo hata mimi ninayefua nguo zao navipita kwa heshima.

Mama Mayai akaandika: "Mimi ni mtu mzima, jamani." Hakuna aliyemsikia.

Nikabonyeza pale panapomwachia admini peke yake ruhusa ya kuandika. Kimya. Simu ikawa kama redio iliyokatika betri.

Mume wangu kapiga simu kutoka njiani. "Umewafungia wote? Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Na mimi nimekosa nini?"

"Uliweka uso wa kucheka."

"Na wewe je?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Wateja wanakuja wenyewe kuulizia nguo, wanasimama mlangoni wakichuruzika, kila mmoja na tope lake. Nimepiga deki mpaka kiuno kimegoma. Fundi bomba akija na Wembe yuko barabarani, mmoja hutazama mawingu, mwingine hutazama viatu.

Jumamosi, 22 Machi

Shati limepatikana. Lilikuwa mgongoni kwa Wembe.

Nilivuka barabara kumpelekea suruali yake, hatimaye imekauka. Nikamkuta anamnyoa mteja. Kavaa shati jeupe, vifungo vimejikaza kama vinashikilia mlango dhidi ya wezi. Alipoinama nikaona kwa ndani ya ukosi mishono mitatu ya uzi wa buluu. Kila mteja wangu ana uzi wake wa alama, na buluu ni ya Karani. Mimi mwenyewe ndiye niliyelifungasha shati lile kwenye furushi lisilo lake.

"Wembe, hilo shati umelitoa wapi?"

"Kwako, shemeji. Nilidhani ni langu, limerudi kwa maji ya moto. Ndiyo maana linanibana."

"Ni la Karani."

Mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akaangua kicheko. Wembe hakucheka. Alijitazama kwenye kioo, akaizima mashine.

"Shemeji," akasema polepole, "kwa hiyo nilimsema mwenzangu nikiwa nimevaa shati lake?"

"Jumapili ile ulilivaa?"

"Lilikuwa mwilini."

Tulimsubiri amalizie kile kichwa cha watu. Wifi akalifua shati, akalikausha kwa pasi, akalinyoosha mpaka ukosi ungeweza kukata mkate. Jua lilipokuwa linateremka tukaenda watatu kwa Karani. Njiani Wembe alikuwa ananong'ona peke yake, anapanga maneno.

Karani kafungua mlango akiwa na brashi mkononi. Vidole vyake vina rangi ya manjano, na nyuma yake kuna chumba kilichopakwa nusu.

Wembe akamnyooshea shati kwa mikono miwili. Yale maneno aliyoyapanga njiani yote yakamtoroka. "Kaka, nilikuwa nalo mimi. Yaani, lilikuwa kwangu. Mwilini. Kaka, mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu. Nisamehe."

Karani akalichukua shati, akalitazama ukosi.

"Utani wenyewe ulikuwa mzuri," akasema. "Angetaniwa mwingine ningecheka. Ndiyo maana nikaondoka. Niliona wote mnacheka, na sikuweza kuwalaumu."

Hapo ningeomba ardhi inimeze, ila ilikuwa imeshiba maji.

Wifi alikuwa anachungulia ndani. Ukutani kimeegemezwa kitanda kidogo cha mtoto, bado kimefungwa nailoni. Akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Yuko wapi mwenyewe?"

"Kwa mama yake. Ni karibu na hospitali kubwa. Daktari kasema alale, asinyanyue hata kikombe." Akaigeuzageuza brashi. "Waliotangulia hawakukaa. Kwa hiyo huyu hatujamtaja kwa mtu. Tunaogopa hata kumtamka."

"Basi na sisi hatujasikia kitu," wifi akasema.

Wembe alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, alikitazama chumba, akavuta kamasi. "Kaka, ile kona ya juu umeiruka."

"Siifikii."

"Nipe brashi. Mimi Mungu alinipa urefu, akasahau vingine."

Akaingia na viatu vyake vyenye tope, akarudi akavivua, akaingia tena. Suruali niliyotoka kumfulia sasa ina manjano mpaka magotini.

Jumatano, 26 Machi

Nimelifungua kundi. Nilitaka kuandika sheria, nikajaza ukurasa mzima: marufuku hili, marufuku lile. Wifi akausoma huku anakunja foronya.

"Hii ni hati ya mashtaka," akasema. "Andika hivi: mtanie mtu kwa alichokifanya, usimtanie kwa kilichompata. Basi. Na mama za watu waachwe walee."

Nimeandika hivyo hivyo.

Wembe akafuata kwa ujumbe wa sauti. Kaomba radhi kwa Karani, kwa fundi bomba na mama yake, kwa Mama Mayai. Kundi lilikuwa na njaa ya siku nyingi, likamrukia: "Wembe umepata kutu!" "Nani kakunyoa wewe?" Fundi bomba akauliza kama Karani alimpiga au alimtisha tu.

Angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja, lakini sentensi ile ilikuwa siri ya mwenzake. Akajibu: "Alinitisha. Nimewahi kuona nguvu za yule bwana, jamani. Msimguse."

Kesho nitamfulia ile suruali bure.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Wameanza kumwita Wembe "Kisu cha Siagi". Anaitika.

Ijumaa, 4 Aprili

Tukiwa tunakamua blanketi, mimi ncha hii na wifi ncha ile, akaanza: "Kamua, wifi. Mbona unalishika kama unamsalimia mkwe?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nikasema: "Nalionea huruma. Likitoka kwangu linakwenda kupigwa pasi huku likiimbiwa na wewe. Adhabu moja ingetosha."

Wifi akaliachia blanketi, nami nikaenda nalo chini, puu, kwenye tope. Alicheka mpaka akachuchumaa. Akaja kuninyanyua, machozi yanamtoka, akanishika mashavu yote mawili kwa mikono yake ya baridi.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Tangu nimekuja nyumba hii nakuchokoza, wewe unaniwekea chakula na kuniambia karibu. Nikajua hunitaki, unanivumilia tu."

Blanketi tumelifua upya, na halikuwa na shida na mtu.

Jumamosi, 12 Aprili

Paa la chumba cha pasi limeshindwa. Tumeamka tukakuta maji yanatiririka juu ya meza, na sare zote za zahanati na mashuka yote ya nyumba ya wageni yamelowa. Nilikaa juu ya ndoo nikalia kidogo, kwa haki yangu.

Wifi hakulia. Akarekodi maji yanavyomwagika, akatuma kundini: "Kamba ya Nguo sasa ina kisima chake. Mwenye nafasi kavu ajitokeze, asiye nayo alete mdomo wa kupulizia nguo."

Wa kwanza alikuwa Wembe, kavuka na mwavuli uliovunjika mbavu. Kabla ya adhuhuri kinyozini kwake kulikuwa na kamba kutoka kioo hadi kioo, na wateja wananyolewa wakiwa wameinamia chini ya mashuka. Vikaushio vyake viwili vya nywele vinapuliza soksi. Mama Mayai alipoiona picha niliyotuma kundini kaandika: "Hizo soksi zichane, uziweke njia ubavuni." Fundi bomba kapanda darini, na aliyemshikia ngazi ni Wembe.

"Nikianguka," fundi bomba akasema kutoka juu, "nitakuangukia wewe, kwa makusudi."

"Anguka, kaka. Angalau utaoga."

Nikashika roho. Kisha paa zima likaanza kutikisika kwa kicheko cha fundi bomba, na vumbi la dari likatumwagikia sote.

Alasiri nikapata ujumbe, si wa kundini, wangu peke yangu. Karani: "Dada, nimesikia. Chumba cha manjano kina madirisha mawili na hewa nzuri. Leteni mashuka." Tuliyaanika kuzunguka kitanda kidogo, ambacho sasa kimeshafunguliwa nailoni. Wifi aliupapasa ubao wake mara moja, akaondoka haraka kwenda kuchukua vibanio ambavyo alikuwa navyo mkononi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imepungua. Karani ananipa habari kwa maneno mawili kila akileta mashati: "Bado yupo." Nami nampa mawili: "Tuko pamoja." Leo Wembe kanifuata hadi kwenye karai, kainama kama anakagua sabuni.

"Vipi yule mtu wetu?"

"Bado yupo."

Akarudi kazini kwake anapiga mluzi.

Alhamisi, 1 Mei

Jua kidogo, la kuonja. Wifi kaimba siku nzima. Nimejifunza kiitikio, Mungu anisamehe.

Jumapili, 11 Mei

Karani kapiga simu wakati mikono yangu iko kwenye povu, wifi akaishika simu sikioni kwangu. Nilisikia pumzi tu, inaingia na kutoka. Nikaogopa. Kisha akasema: "Dada, analia. Unamsikia? Analia kwa nguvu."

Kwa mbali, nyuma yake, nikakisikia kilio kidogo chenye hasira, kama mlango mpya unaohitaji mafuta.

Wifi aliitupa simu kwenye nguo kavu, tukakumbatiana na mapovu yetu. Kisha akakimbia kuvuka barabara bila viatu. Nilimwona kupitia dirisha la kinyozi akimnong'oneza Wembe. Wembe akamwachia mteja kiti, akatoka nje, akasimama juani mikono kifuani, anaiangalia barabara kama ndiyo kwanza anaiona.

Jumamosi, 17 Mei

Karani kaniomba nimrudishe kundini. Ujumbe wake wa kwanza: "Habari za mchana. Mke wangu amerejea, na hakuja peke yake. Tumepata binti. Wote wazima." Ikafuata picha: kichwa kimoja kidogo, kipara, kinang'aa, na ngumi imekunjwa.

Kundi lililipuka. Mama Mayai alituma sala na mayai yaliyochorwa, mengi mpaka skrini ikakwama. Wote waliocheka siku ile walitambua walichokicheka. Niliona mmoja mmoja anaandika, anafuta, anaandika. Fundi bomba akaandika tu: "Karani, tusamehe kaka."

Wembe nilimwona kwa dirisha, simu mkononi, anaogopa kuigusa.

Ndipo Karani akaandika: "Wembe, mbona hujasema? Binti hana hata unywele mmoja. Kaja kukunyima kazi mapema."

Nyuzi za kicheko zilipita nyumba hadi nyumba. Wembe akajibu: "Kaka, nimeona. Kichwa ni cha baba yake, na hata baba yake sijawahi kumpata kwenye kiti."

Hapo mabishano yakazuka: je, upara ni alichokifanya mtu au kilichompata? Fundi bomba alisema umempata. Mama Mayai alisema ni kukosa mafuta. Mume wangu, kutoka huko aliko, akasema mtu akiwa na kofia na hakuivaa basi kakifanya mwenyewe. Wakaniachia admini niamue, na kabla sijaamua Karani akakata shauri: "Upara ruksa. Ila muwe wapole, unateleza."

Jumapili, 25 Mei

Jua la kweli, tangu asubuhi. Kamba zote zimejaa nepi, nyeupe, ndogondogo.

Tukiwa tunaanika, akaingia uani mke wa Karani, kambeba mtoto begani. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyotembea, polepole, kama mwenye nyumba. Wifi akampa kiti, akampokonya mtoto papo hapo.

"Nani kati yenu," mke wa Karani akauliza, "aliyesema nimemkimbia mume wangu?"

Nikakamata kibanio. Wifi akageuka ukutani na mtoto.

"Wembe," nikasema. "Lakini sote tulicheka. Mimi pia."

"Hata mimi. Alinisomea kwenye simu ana hasira, mimi kitandani huko nikacheka mpaka mama akaja kunikataza." Kisha akaacha kutabasamu. "Nilicheka kwa sababu nilijua narudi. Yeye hakuwa na uhakika. Akiwa peke yake nyumbani, na mvua ile."

"Ndiyo," nikasema.

Akatoa simu yake kwenye khanga, akanipa. "Sasa niweke humo. Miezi yote hiyo nimelala chali nikitazama dari, hakuna hata mtu mmoja wa kunitania. Na huyo Wembe nina maneno yake, nimeyatunga taratibu, nilikuwa na muda."

Nikamwongeza. Akakaa vizuri, akaandika kwa vidole viwili, hakuniruhusu nichungulie. Mikono yangu ilikuwa imelowa tena, simu yangu iko ndani. Nilisikia tu ng'ambo ya barabara mashine ya kunyolea ikizimwa, kisha kelele ya Wembe: "Aaah! Mama wee, nimekwisha!" Kicheko kikatoka kinyozini, kikavuka barabara, kikampitia Mama Mayai kwenye kona, kikarudi kwa fundi bomba.

"Kasemaje?" wifi akapiga kelele, mtoto mikononi. "Wifi, kasemaje?"

Nikaiacha nepi inaning'inia kwa kibanio kimoja, nikakimbilia ndani kusoma.